Mimba ya wiki 26 yenye kasoro ya ubongo: je, India ni lazima kupata kibali cha mahakama?

Swali: Mimi ni Mtanzania, naishi Pune, India, pamoja na mume wangu anayesoma huku. Nina mimba ya wiki 26 na siku 4. Ultrasaundi ya wiki 22 ilionyesha vyumba vya maji kwenye ubongo wa mtoto vimetanuka kidogo, milimita 11, nikaambiwa nirudi baada ya wiki 4. Niliporudi vilikuwa vimefika milimita 18, na MRI imeonyesha kwamba kiungo kinachounganisha pande mbili za ubongo hakipo kabisa. Tumeongea sana nyumbani na tumeamua kusitisha. Hospitali binafsi ninakohudhuria inasema wiki 24 zimeshapita, nilete kibali cha mahakama. Je, ni kweli? Inachukua siku ngapi? Mimi si raia wa hapa, naruhusiwa? Au ni afadhali nirudi Dar?

Jibu: Dada, pole sana wewe na mumeo. Nianze na jibu lenyewe, maana huna siku za kupoteza. Kwa sababu uliyoitaja, sheria ya India haikulazimishi kwenda mahakamani. Inakutaka upite kwenye bodi ya madaktari ya serikali. Mahakama inaingia pale bodi inapokataa, inapochelewa, au hospitali inapogoma kutekeleza kilichoamuliwa. Ila hayo matatu hutokea mara nyingi mno, kwa hiyo usisubiri moja lishindikane ndipo uanze jingine. Kesho asubuhi barua iende kwenye bodi, na kesho hiyohiyo wakili aanze kuandika ombi la Mahakama Kuu. Bodi ikikubali, ombi linabaki kwenye jalada la wakili na hakuna ulichopoteza.

Sheria inayohusika ni ile ya kusitisha ujauzito kitabibu ya mwaka 1971, iliyofanyiwa marekebisho makubwa yaliyoanza kutumika tarehe 24 Septemba 2021. Kwa ufupi iko hivi. Mpaka wiki 20 inatosha daktari mmoja mwenye sifa. Kati ya wiki 20 na 24 wanahitajika wawili, na mwanamke awe katika makundi yaliyotajwa na kanuni: aliyebakwa, aliye chini ya miaka 18, aliyefiwa na mume au kuachika akiwa mjamzito, mwenye ulemavu mkubwa, mwenye maradhi ya akili, aliye katika maafa, au mwenye mtoto tumboni aliyegundulika na kasoro nzito. Baada ya wiki 24 mlango uliobaki ndani ya sheria ni kifungu cha 3(2B). Kifungu hicho kinasema ukomo wa wiki hautumiki kabisa pale bodi ya madaktari inapothibitisha kwamba mtoto ana kasoro kubwa. Hakuna neno mahakama mle ndani.

Kuna mlango mwingine ambao kila mjamzito aujue: kifungu cha 5. Mama akiwa katika hatari ya kufa hapo hapo, daktari mmoja anatosha, wiki ziwe ngapi, bila bodi wala jaji. Kwa sasa haukuhusu, lakini presha ikipanda ghafla, ukiona giza, ukipata degedege au damu nyingi, usikubali mtu akuambie msubiri karatasi.

Kwa nini basi hospitali yako imesema mahakama? Ni hofu, na hofu hiyo ina chanzo. Kifungu cha 88 cha sheria mpya ya makosa ya jinai ya India, iliyoanza tarehe 1 Julai 2024, kinaadhibu anayesababisha mimba kutoka nje ya utaratibu, na kwa mimba ambayo mtoto ameshaanza kucheza kifungo kinaweza kufika miaka 7. Sheria ya 1971 nayo ina kifungo cha miaka 2 hadi 7 kwa anayeifanya kazi hii mahali pasipoidhinishwa. Daktari wa hospitali binafsi akiona wiki 26 anataka karatasi ya kumkinga, na karatasi nzito kuliko zote anayoifahamu ni amri ya mahakama. Kifungu cha 8 cha sheria hiyohiyo kinamlinda anayefanya kwa nia njema chini ya sheria, na fomu ya bodi ndiyo kinga yake. Kumweleza hivyo kwa upole husaidia zaidi kuliko kugombana naye.

Bodi, na jinsi ya kuifikia

Bodi huundwa na serikali ya jimbo. Lazima iwe na daktari wa wanawake, daktari wa watoto, na mtaalamu wa mionzi au ultrasaundi, pamoja na wengine watakaotajwa na jimbo. Kwa Pune, mahali pa kuanzia ni hospitali ya serikali ya Sassoon, iliyo pamoja na Chuo cha Tiba cha B. J. Nenda idara ya wanawake na uzazi, na barua iandikwe kwa mkuu wa hospitali.

Kanuni ya 3A ya kanuni za sheria hiyo inaipa bodi siku 3 kutoa maoni tangu ilipopokea ombi, na inaitaka, ikishakubali, ihakikishe huduma inafanyika kwa usalama pamoja na ushauri nasaha ndani ya siku 5 tangu siku hiyohiyo ya kupokea. Maneno "tangu ilipopokea" ndiyo yanayowaumiza watu wengi. Mama anafika, anaonwa na daktari wa zamu, anaambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu anaambiwa mtaalamu wa mionzi yuko likizo. Wiki imekwisha na hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba aliomba. Kwa hiyo peleka nakala mbili za barua. Moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saa, urudi nayo. Wakikataa kugonga muhuri, itume barua hiyohiyo kwa baruapepe ya ofisi ya mkuu wa hospitali papo hapo ukiwa umesimama pale. Siku 3 zikipita kimya, nakala hiyo ndiyo atakayoinyanyua wakili wako mbele ya jaji.

Barua iwe fupi. Jina, umri, namba ya pasipoti, umri wa mimba, ugonjwa uliogunduliwa kama ulivyoandikwa na daktari, tarehe za vipimo, na sentensi moja isemayo kwamba unaomba bodi ikutane chini ya kifungu cha 3(2B) na kanuni ya 3A. Ambatanisha ultrasaundi zote, siyo ya mwisho peke yake. Ultrasaundi ya wiki 11 hadi 13 ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ndiyo inayopima umri wa mimba kwa usahihi zaidi, kwa kumpima mtoto kutoka kichwani hadi matakoni. Ukiachia umri uhesabiwe kwa kichwa chenye maji mengi, mimba itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Yako ya wiki 26 inaweza kuandikwa 28, na mjadala mzima ukabadilika kwa kosa la rula. Ambatanisha pia picha za MRI kwenye diski pamoja na maelezo yake, kundi la damu, wingi wa damu, na historia ya uzazi, hasa kama uliwahi kujifungua kwa upasuaji.

Bodi itarudia vipimo, hata kama vyako ni vya juzi. Tegemea ultrasaundi mpya, pengine kipimo cha moyo wa mtoto, damu yako, na mara nyingine mazungumzo na daktari wa akili. Mwishoni wanajaza Fomu D, inayoandika kasoro iliyoonekana na kama wanaruhusu au wanakataa. Kabla hawajaondoka hakikisha mambo matatu yamo: umri wa mimba, jina kamili la kasoro na uzito wake, na hali yako wewe mama, mwili na akili. La tatu ndilo linalosahaulika sana. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Juu ya India, katika shauri la binti wa miaka 14 wa Maharashtra, ilisema wazi kwamba bodi isijifunge kwenye vigezo vya kifungu cha 3(2B) tu, ieleze pia athari kwa mwili na hisia za mjamzito. Ripoti inayomzungumzia mtoto peke yake ina pengo, na una haki ya kuomba ijazwe.

Kwa ugonjwa wako, swali litakalotawala kikao ni moja: je, hali hii inatibika mtoto akizaliwa? Vyumba vya maji ya ubongo kwa kawaida havizidi milimita 10, na vikivuka 15 huitwa vimetanuka sana. Mtu anaweza kusema, "Atawekewa mpira wa kupunguza maji kichwani," akaandika kwamba kasoro inarekebishika. Mpira huo unapunguza shinikizo la maji. Haurudishi kiungo cha ubongo ambacho hakikujengeka. Ndiyo maana ni vizuri kwenye barua yako uombe bodi imwalike mtaalamu wa mishipa ya fahamu ya watoto au daktari wa upasuaji wa ubongo. Daktari wa watoto wa kawaida anaweza kuwa hodari sana na bado asiwe mtu wa kujibu swali hilo. Na wewe muulize mtaalamu huyohuyo maswali yako yote, pamoja na yale ya kuendelea na mimba mkiyataka, maana matokeo ya hali hii hutofautiana mtoto na mtoto, na ridhaa ya kweli inahitaji kuyajua.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: usiulize jinsia ya mtoto, wewe wala mumeo, popote pale. Sheria ya mwaka 1994 inakataza kabisa kupima au kutaja jinsia kabla ya kuzaliwa, na swali la namna hiyo kwenye faili lenye ombi la kusitisha linaamsha shaka kwa kila mtu.

Ridhaa, uraia na siri

Ridhaa inayotakiwa ni yako wewe peke yako, kwenye Fomu C. Sahihi ya mume si sharti la kisheria, ingawa baadhi ya hospitali huiomba kwa mazoea. Mumeo akiwa radhi, asaini tu muokoe muda, asipokuwepo, wasikuzuie. Mlezi anahitajika kwa aliye chini ya miaka 18 au mwenye maradhi ya akili. Hakikisha Fomu C umesomewa kwa lugha unayoielewa vizuri. Fomu za Marathi zipo nyingi Pune, nawe usisaini usichokisoma.

Uraia si kizuizi. Sheria inasema "mwanamke", na kifungu cha 21 cha Katiba ya India, kinacholinda uhai na uhuru, kinamhusu kila mtu aliye ndani ya nchi. Mahakama ya Juu ililithibitisha hilo mwaka 2000 katika shauri la mgeni kutoka Bangladesh. Huhitaji barua ya ubalozi. Unachohitaji ni pasipoti, viza iliyo hai na usajili wako wa ukaazi kama ulitakiwa kujisajili. Viza ikiwa imekwisha muda, mwambie wakili mapema, asije akaisikia kwa wakili wa serikali.

Kuhusu siri, kifungu cha 5A kinampa daktari anayetoboa jina lako kwa asiyehusika kifungo cha hadi mwaka 1, faini, au vyote viwili. Mahakamani jina huandikwa kwa herufi tu, kama X au ABC.

Mahakama: lini na kwa namna gani

Nenda mahakamani endapo bodi imekataa, siku 3 zimepita bila jibu, bodi imekubali lakini hospitali inang'ang'ania amri, au unataka huduma ifanyike hospitali binafsi baada ya wiki 24 na wao hawataki bila karatasi. Kwa Pune mahakama yako ni Mahakama Kuu ya Bombay, makao makuu ya Mumbai. Ombi linaitwa ombi la kikatiba chini ya kifungu cha 226 cha Katiba. Hulazimiki kusafiri wala kusimama mbele ya jaji. Hati ya kiapo unaiapia mbele ya mthibitishaji wa viapo hukohuko Pune, unasaini vakalatnama, yaani hati ya kumpa wakili mamlaka, na wakili anaendelea.

Kama pesa ya wakili ni tatizo, sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 1987, kifungu cha 12, inampa mwanamke yeyote wakili wa bure bila kuangalia kipato. Namba ya simu ya taifa ni 15100, na Mahakama Kuu ina kamati yake ya msaada. Sikushauri uanze na wakili wa mikataba au wa mashamba kwa sababu tu ni rafiki wa familia. Mtafute aliyewahi kufikisha ombi la namna hii kwenye mahakama hiyo, kwa kuwa nusu ya kazi ni kujua karani gani wa kumwona na saa ngapi.

Wanaoshtakiwa kwa jina huwa ni serikali ya jimbo kupitia wizara ya afya, mkuu wa hospitali, na mara nyingi serikali kuu. Wakili anafungua shauri, na asubuhi hiyo au inayofuata anasimama mbele ya majaji kuomba lisikilizwe kwa dharura. Hapo umri wa mimba hutajwa kwa wiki na siku. Mara nyingi amri ya kwanza inakuwa ya kuunda bodi na kuleta ripoti kwa siku 2 au 3. Kama tayari unayo Fomu D, hatua hiyo inarukwa, na ndiyo faida nyingine ya kuanza na bodi. Mambo yakienda vizuri, wiki moja inatosha toka kufungua hadi amri. Yakienda vibaya, ni siku za kuahirishwa zinazokula muda. Mwezi Agosti 2023 Mahakama ya Juu ililazimika kukaa Jumamosi kwa ajili ya mwanamke wa Gujarat aliyebakwa, kwa sababu Mahakama Kuu ya huko iliahirisha shauri lake kwa siku karibu 12 ilhali mimba inakaribia wiki 28. Majaji walilikemea jambo hilo waziwazi. Wakili wako aombe tarehe ya kesho, siyo ya wiki ijayo, na akinyimwa alitaje shauri hilo.

Maombi yenyewe yaandikwe kwa ukamilifu, maana amri yenye pengo inakurudisha mahakamani. Mbali na ruhusa ya kusitisha, iombwe hospitali itajwe kwa jina. Madaktari waruhusiwe kusimamisha moyo wa mtoto kabla ya kuanzisha uchungu kama tiba inaelekeza hivyo. Sampuli zihifadhiwe kwa kipimo cha vinasaba. Na jina lako lisionekane popote. Hilo la moyo si jambo la pembeni. Oktoba 2023 Mahakama ya Juu iliruhusu mwanamke mmoja wa wiki 26, kisha daktari wa AIIMS, hospitali kubwa ya serikali kuu huko Delhi, akaandika kuuliza kama wamsimamishe moyo mtoto au la, amri haikusema. Majaji wawili wakagawanyika, shauri likaenda kwa majaji watatu, na tarehe 16 Oktoba wakamkatalia.

Shauri hilo lisikuogopeshe kupita kiasi, bali lisomwe kwa makini. Yule mama alikuwa na sonona na ugonjwa wa akili baada ya uzazi uliopita, lakini mtoto alikuwa mzima na maisha ya mama hayakuwa hatarini papo hapo. Mahakama ikasema hakuna mlango wa sheria kwa wiki 26 na siku 5. Wewe una kasoro kubwa iliyothibitishwa, na hapo mahakama zimekuwa na mwelekeo mwingine. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliruhusu wiki 26 kwa kasoro nzito ya moyo, ingawa mwaka huohuo ilikataa wiki 26 kwa mtoto mwenye Down syndrome (hali ya kuzaliwa na kromosomu ya ziada) kwa sababu uhai wa mama na wa mtoto haukuwa hatarini. Februari 2022 Mahakama Kuu ya Calcutta iliruhusu mimba iliyokaribia wiki 35 yenye mgongo wazi. Desemba 2022 Mahakama Kuu ya Delhi iliruhusu wiki 33 kwa kasoro ya ubongo, baada ya bodi ya hospitali kukataa. Na Januari 2023 mahakama yenu hiyohiyo ya Bombay iliruhusu takriban wiki 33, ikasema uamuzi ni wa mama, si wa bodi. Wakili wako aanze na hilo la Bombay, kisha la Delhi.

Huduma yenyewe na yanayoweza kuharibika

Katika umri huu mimba husitishwa kwa kuanzisha uchungu hospitalini. Kwanza, mtaalamu anaweza kuchoma sindano kupitia tumboni akiongozwa na ultrasaundi, kusimamisha moyo wa mtoto. Sababu ni kwamba kuanzia wiki hizi mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na dalili za uhai, na ikitokea hivyo madaktari wanawajibika kumhudumia kama mtoto yeyote aliyezaliwa. Muulizeni daktari jambo hili mapema, wote wawili mkiwa mmekaa, na mpate jibu lake kabla ya siku yenyewe.

Kisha unameza mifepristone, kidonge cha kuuandaa mfuko wa uzazi, na baada ya saa 24 hadi 48 unaanzishiwa misoprostol, dawa ya kuleta uchungu, dozi kwa dozi mpaka uchungu ukamilike. Mfuko wa uzazi unazidi kuwa mwepesi kuitikia misoprostol kadiri mimba inavyokua, kwa hiyo dozi ya wiki 26 ni ndogo kuliko ya wiki 12. Wanaotumia vidonge vya duka la dawa kwa kipimo cha mimba changa wanaweza kuishia kupasuka mfuko wa uzazi. Mwenye kovu la upasuaji yuko hatarini zaidi, na lazima awe mahali penye chumba cha upasuaji, mtu wa usingizi na damu iliyopimwa tayari. Usishawishike na njia ya mkato ya mtu wa pembeni hata mahakama ikichelewa.

Kwa hali ya mtoto wako kuna jambo moja la kuuliza mapema: mzingo wa kichwa. Maji yakiongezeka, kichwa kinaweza kushindwa kupita njia ya uzazi, na daktari hupunguza maji kwa sindano kabla ya kujifungua. Wasipolifikiria mapema, mnajikuta mkipelekwa upasuaji ambao ungeepukika, na upasuaji wa wiki 26 mara nyingi hukatwa sehemu nene ya mfuko, kovu lake likaathiri mimba zijazo. Uliza pia dawa ya maumivu. Sindano ya ganzi ya mgongoni unaweza kupewa, na hakuna sababu ya kukunyima kwa vile tu ni kusitisha. Kondo la nyuma likigoma kutoka, utasafishwa kwenye chumba cha upasuaji.

Kama kundi lako la damu ni Rhesus hasi, uchomwe sindano ya anti-D, inayokinga mimba zijazo, ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Maziwa yatakuja siku ya pili hadi ya nne, na wanawake wengi hawakuambiwa. Ni uchungu juu ya uchungu. Omba mapema kidonge cha cabergoline, cha kuzuia maziwa, kama huna presha ya juu. Ukilowesha pedi mbili kwa saa moja, saa mbili mfululizo, au joto likifika 38, rudi hospitali usiku huohuo.

Kabla ya kuruhusiwa, sema kwa maandishi kama mnataka mwili mkauzike wenyewe au hospitali ishughulike, na kama mnaridhia uchunguzi wa mwili na vinasaba. Nawasihi mridhie angalau vinasaba. Kukosekana kwa kiungo hicho cha ubongo wakati mwingine ni tukio la mara moja, wakati mwingine kunatokana na vinasaba vya wazazi, na wakati mwingine na maambukizi ya virusi kama CMV wakati wa ujauzito. Jibu hilo ndilo litakalowaambia mimba ijayo ipimwe lini na kwa kipimo gani, na nafasi ya kuchukua sampuli ni hiyo moja. Kama mna sheikh au padri mnayemwamini, zungumzeni naye. Mahakama na bodi hazitawauliza dini.

Kurudi Dar?

Sikushauri. Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 230, inamlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Kasoro ya mtoto peke yake haimo. Kifungu cha 219 kinahusu kuua mtoto anayeweza kuzaliwa hai, na wiki 28 ndizo zinazochukuliwa kama ushahidi wa awali wa uwezo huo. Hakuna utaratibu wa bodi wala wa kibali cha mahakama kama wa India. Kenya nayo, chini ya ibara ya 26(4) ya Katiba ya 2010, inaangalia dharura, uhai na afya ya mama kwa maoni ya mtaalamu wa afya, bila kuitaja kasoro ya mtoto. Isitoshe, mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari kuanzia wiki 28, nawe uko karibu kufika hapo. Mkiamua kuendelea na mimba, hiyo ni safari nyingine, na hapo kurudi nyumbani mapema karibu na hospitali yenye upasuaji wa ubongo wa watoto, kama MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo pale Muhimbili, kunaingia akilini.

Uamuzi wako unaweza kuubadilisha wakati wowote kabla dawa hazijaanza. Katika shauri lile la Aprili 2024 Mahakama ya Juu iliruhusu tarehe 22, wazazi wa binti wakabadili mawazo, na amri ikafutwa tarehe 29 bila mtu kulaumiwa. Amri inakupa ruhusa tu, haikulazimishi.

Kesho, basi: barua nakala mbili, ultrasaundi zote kuanzia ya kwanza, diski ya MRI, kipimo cha kundi la damu, pasipoti na viza, nakala tatu tatu kwenye bahasha moja. Fika Sassoon kabla ya saa 3 asubuhi, maana wakuu wa idara hupatikana kabla hawajaingia wodini. Mumeo akusindikize, na akae na simu ya wakili ikiwa wazi.